Mstari Niliouandika Mwenyewe

Bwenini, Lushoto
Jumatano jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimejitanda blanketi mabegani kama bibi kizee, maana ukungu umeingia hadi ndani ya bweni na wino wa kalamu hii unatoka kwa kubembelezwa. Mimi ni mzima. Kile kifua kilichonisumbua wakati wa masika kimepona kabisa, usiendelee kukiwaza. Magoti yako yanasemaje? Danieli bado anatoroka kwenda kuogelea mferejini? Na Bibi anakula, au bado anasema chakula hakina chumvi hata kikiwa na chumvi? Huku kila jioni nikishika sufuria ya maharage ya shule namkumbuka yeye, kwa sababu haya kweli hayana chumvi.

Ningeweza kumwomba matroni simu, lakini wewe huna simu, na simu pekee ya kukupata ni ya baba mdogo Yoeli. Maneno haya hayatakiwi kupita sikioni kwake kwanza. Ndiyo maana nimeandika. Nakuomba uisome barua hii peke yako, na uimalize kabla hujamkaribisha ndani mtu yeyote mwenye karatasi ya kusaini.

Nitakueleza tangu mwanzo, nisije nikakuchanganya.

Unakumbuka nilipokuja likizo nilikwambia habari ya nafasi ya chuo cha kompyuta, Tanga. Wafadhili wa shule wanawalipia wasichana wa kidato cha nne waliofanya vizuri ambao hawana baba. Wanalipa ada, malazi na chakula mpaka mtu amalize. Wewe ulisema, “Omba Mungu, na usome.” Nimefanya yote mawili. Lakini kila muhula shule inapotoa majina ya awali, langu halimo, na baadhi ya waliomo nawazidi alama. Nikimuuliza mwalimu, ananijibu, “Kompyuta ndiyo inachagua.” Basi nikabaki najiuliza kompyuta ina ugomvi gani na mimi.

Mwalimu wetu wa kompyuta anaitwa Mwalimu Baraka. Ni mtu wa kutoka Muheza, mpole, anayeona baridi kuliko hata mimi, na wasichana wa huku milimani wanamcheka kwa kuvaa sweta mbili. Mimi pia wananicheka. Jina langu huku ni Mnyika, maana kwao mtu yeyote wa kutoka Mnazi ni mtu wa nyika. Tukipanga foleni ya maji mmoja atasema, “Mpisheni Mnyika, kwao wanagombania kisima na nyani.” Mwanzoni nilikuwa nalia. Siku hizi nawajibu, “Nyani wa kwetu wana adabu, wanapanga foleni,” na rafiki yangu Nuru anacheka mpaka anashika mbavu.

Nuru nalala naye kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu, mimi chini. Kwao ni Rangwi. Alituambia baba yake ni dereva wa malori ya Tunduma, ndiyo maana hajawahi kuja siku ya wazazi. Mkumbuke huyo, nitamrudia.

Muhula huu Mwalimu Baraka alinipa kazi. Kumbukumbu zetu zote za shule zimo ndani ya kompyuta, kwenye kitu kinachoitwa kanzidata. Zimepangwa kwa safu: jina, kidato, alama, nidhamu, hali ya wazazi. Ukitaka kujua jambo humo unaliuliza kwa lugha yake, na swali lina masharti. Ni kama unavyomtuma Danieli kwa Mama Anjela: “Niletee maharage, yawe ya mwaka huu, yasiwe yametobolewa, usichukue ya njano.” Kila sharti unaloongeza linapunguza kinachoingia kapuni.

Swali la kuchagua wasichana wa chuo liliandikwa na mwalimu aliyekwisha kuhama. Aliliandika lote kwenye mstari mmoja, bila kupumua, linatoka ukingo huu wa kioo na kuendelea nje ya ukingo ule. Hakuna aliyeweza kulisoma. Mwalimu Baraka mwenyewe aliniambia, “Hili mimi nalitumia kama dawa ya kienyeji. Nakunywa tu, sijui wamechemsha mizizi gani.”

Sasa kuna kitu kinaitwa maktaba. Si ya vitabu. Ni fungu la programu ambalo watu wa mbali waliliandika wakalitoa bure, ili mwingine asianze kazi upya. Hii niliyopewa inafanya jambo moja. Unaipa swali lililosongamana, inakurudishia lile lile likiwa limepangwa. Maneno ya amri inayaweka kwa herufi kubwa, kila sharti inalipa mstari wake, na kilicho chini ya kingine inakisogeza ndani kidogo ili jicho lijue nani ni mtoto wa nani. Niliandika mistari michache ya kuiita, nikailisha lile swali refu.

“Lakini kumbuka, Foibe,” Mwalimu Baraka akaniambia, “haibadilishi jibu. Ukifagia chumba, vitu vinabaki vile vile. Unaviona tu.”

Swali likatoka hivi. Nimekutafsiria maneno ya amri:

CHAGUA jina
KUTOKA wanafunzi
AMBAPO kidato = 4
    NA hisabati >= 60
    NA nidhamu <> 'mbaya'
    NA hali_ya_baba <> 'hai'

Alama ile inayofanana na mikuki miwili iliyopeana migongo maana yake ni “si sawa na”. Yaani baba asiwe hai.

Nilifurahi, Mama, siwezi kukuficha. Nilisoma mstari mmoja mmoja kwa kidole. Kidato cha nne, nimo. Hisabati, nimo. Nidhamu, nimo. Mstari wa mwisho nikasema, kwangu hapakuandikwa “hai”. Basi na hapo nimo. Nikaona labda zamani kulikuwa na makosa ambayo sasa yataonekana.

Jumatatu Mwalimu Baraka akachapa karatasi ile akampelekea Madamu Sabina, ambaye ndiye mwalimu wa taaluma. Madamu Sabina ni mtu mwenye akili nyingi na kucha zilizopakwa rangi, na hakuna mwanafunzi ambaye hajawahi kulizwa naye. Akaitazama karatasi, akatabasamu. “Kumbe linasomeka! Siku zote mlikuwa mnanificha.” Akasema atatufundisha darasa zima namna nafasi zinavyotolewa, ili asitokee mtu wa kunong’ona kwamba shule inapendelea.

Akaja darasani na karatasi yangu. “Kidato cha nne, simameni wote.” Tukasimama. “Ninyi ndio kanzidata. Nitasoma sharti. Usiyelitimiza, unakaa. Ukidanganya, kompyuta itakuumbua, kwa hiyo bora ujiumbue mwenyewe.”

Watu wakacheka. Akasoma la hisabati, zaidi ya nusu wakakaa. Mmoja alichelewa kukaa, Madamu akamwambia, “Wewe na sitini mnafahamiana wapi? Kaa.” Akasoma la nidhamu, wakakaa wachache. Kisha akatutazama tuliobaki.

“Baba asiwe hai. Wenye baba kaeni. Yatima msione aibu, leo ndiyo sikukuu yenu.”

Viti vikalia. Wakawa wanakaa huku wanachungulia nani amebaki. Nuru, ambaye kabla ya muhula huu hisabati yake haikufika sitini na jina lake halikuwahi kutoka, alikuwa mstari wa mbele. Nikaona mkono wake umeshika meza, goti limeanza kukunjika, halafu likanyooka tena. Akabaki amesimama, kichwa ameinamisha. Darasa likafanya, “Heee!”

Mmoja akasema nyuma yangu, “Na lile lori la Tunduma nani anaendesha?”

“Labda linajiendesha,” mwingine akajibu.

Madamu Sabina hakuwakaripia. Alisema tu, “Mnaona uzuri wa swali lililopangwa? Kila kitu kinatoka nje.” Nuru hakulia pale. Alilia baadaye bafuni, na maji ameyafungulia yamwagike ili tusimsikie.

Lakini mimi bado nilikuwa nimesimama. Tulibaki wanne. Madamu akahesabu, akatazama karatasi ya majina, akahesabu tena.

“Kompyuta imenipa watatu. Wewe Mnyika umesimama kwa nini?”

Sikujua kwamba na walimu wanalijua jina hilo. Nikasema, “Madamu, baba yangu hayupo.”

“Hayupo amekufa, au hayupo amekimbia?”

Mama, darasa lilicheka kwa muda mrefu sana. Nilisubiri wamalize. Nikasema, “Alivuka kwenda Kenya kutafuta kazi. Hatujui.”

“Hamjui. Mwalimu Baraka, hebu tueleze, mtu wa namna hii kwa kompyuta ni nini?”

Mwalimu Baraka alikuwa amesimama mlangoni. Alieleza kwa sauti ndogo, bila kunitazama. Alisema kwenye kumbukumbu yangu mahali pa baba hapakuandikwa kitu. Kompyuta inapouliza, “Je, hiki si sawa na hai?” mahali patupu panajibu, “Sijui.” Na sijui si ndiyo. Kwa hiyo inaniacha na kwenda kwa anayefuata.

“Kwa hiyo kompyuta haijamkataa,” Madamu akasema. “Haijamwona tu. Haya, mtoto wa sijui, kaa chini.”

Nikakaa.

Usijilaumu, Mama. Najua pale mahali patupu palitoka wapi. Nilikuwepo siku unajaza fomu yangu ya kidato cha kwanza. Karani alikuambia ujaze mstari wa baba, nawe ukamwambia, “Siwezi kuandika yu hai, sijamwona. Siwezi kuandika amekufa, sijamzika.” Yule karani akacheka akasema, “Basi acha, haina shida.” Najua pia maneno ya baba mdogo Yoeli, kila mavuno anapokuja kukaa pale nje: “Shemeji, mtu asiyerudi ni maiti asiye na kaburi. Tulale matanga tumalize.” Na wewe unamjibu, “Nionyeshe alipolala, na mimi nitalala matanga.” Mwenye kulilia matanga yale ana jicho kwenye shamba la mferejini. Siku yakilalwa, shamba linarudi kwenye ukoo, na ukoo ni yeye. Nilikuwa mdogo lakini nilikuwa nasikia.

Siku ile ile baada ya vipindi Madamu aliniita ofisini. Alikuwa anakunywa chai, na kusema kweli alizungumza nami vizuri kuliko darasani. Aliniambia alama zangu ni nzuri, kwamba anasikitika kuona msichana anapoteza chuo kwa ajili ya neno moja. “Mlete karatasi ya ukoo kwamba matanga yamefanyika, mama yako asaini, mimi mwenyewe nitaandika amefariki. Mtu aliyeondoka mdogo wako akiwa mgongoni mnamsubiria nini? Mzikeni, mwendelee na maisha.”

Nikasema, “Madamu, hatujui kama amekufa.”

“Binti, kufa kwake hakumgharimu chochote. Kuishi kwake ndiko kunakokugharimu wewe.”

Nilitoka pale nikazunguka uwanja wa mpira nikifikiri, na ndipo wazo likanijia. Kama patupu hapaonekani, basi pasiwe patupu. Lakini si lazima paandikwe uongo. Kuna neno la kweli ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza. Nikakimbia kwa Mwalimu Baraka nikamwambia, “Tuandike ‘hajulikani’. Hajulikani si hai. Swali litanikubali.”

Akacheka, Mama, kicheko kizuri, akavua sweta moja kama anayekwenda kulima. “Foibe, hebu kaa hapa.” Yeye ndiye mwenye ruhusa ya kubadilisha kumbukumbu. Akaandika neno lile mahali pale ulipoparuka. Halafu akaniambia niulize swali, lile lile, bila kugusa hata nukta. Nikabonyeza. Yakatoka majina manne, na la nne lilikuwa langu.

Nimeandika jina langu mara nyingi maishani lakini sijawahi kuliona likiwa zuri vile. Mwalimu Baraka alipiga meza. Akasema, “Hatujadanganya mtu, hatujaongeza wala kupunguza. Tumesema kweli, na kweli imejibu.” Nilimkumbatia Nuru bwenini mpaka akaniuliza kama nimeokoka. Nililala nikiwa tayari nipo Tanga.

Leo asubuhi Madamu Sabina alikuja chumba cha kompyuta na majina manne mkononi. Hakuwa na hasira. Aliniomba nimweleze, nami nikamweleza vizuri, kwa sababu nilidhani anataka kuelewa. Nilimwonyesha hadi mstari wenyewe. Alitikisa kichwa kila hatua kama mwanafunzi mzuri.

“Umefanya kazi nzuri,” akasema. “Lakini leo wewe hajulikani. Kesho kila mwenye baba mlevi atakuja kwangu na hajulikani. Wafadhili wakiniuliza, nitawaonyesha kaburi gani?” Akavuta kiti akakaa karibu yangu. “Ongeza mstari mmoja.”

Sikuelewa. Nikamtazama Mwalimu Baraka. Alikuwa anafuta miwani.

“Mwalimu anaweza kuongeza,” nikasema.

“Mwalimu anaweza, lakini fundi ni wewe. Andika. Na hali ya baba isiwe hajulikani.”

Mwalimu Baraka alisema, “Madamu, labda mimi…” akaishia hapo. Nilimngojea amalize sentensi ile. Hakuimalizia.

Nikaandika. Nilikosea herufi kwa sababu vidole vilikuwa baridi, akaniambia, “Taratibu, hatuna haraka.” Nilipomaliza akasema, “Sasa lipitishe kwenye ile maktaba yako, likae vizuri. Nataka mstari huo ukae peke yake, watu wauone.” Nikalipitisha. Ikafanya kazi yake kama siku zote, kwa uaminifu, ikausogeza ndani kidogo ukakaa sawa na wenzake:

    NA hali_ya_baba <> 'hai'
    NA hali_ya_baba <> 'hajulikani'

“Haya, uliza,” akasema. Nikabonyeza mwenyewe. Majina matatu.

Alinigonga bega kwa upole. “Unaona? Linasomeka vizuri kabisa. Litabandikwa ubaoni.” Na sasa hivi ninavyoandika limebandikwa, karibu na ratiba ya usafi, na wasichana wakipita wanalisoma kwa sauti. Wameacha kuniita Mnyika. Kuanzia mchana naitwa Hajulikani. “Hajulikani, nipishe.” “Hajulikani, umeona ndoo yangu?” Hata matroni alisahau akaniita hivyo, halafu akashika mdomo.

Lakini hilo silo lililonifanya niandike. Alipokuwa anatoka, Madamu aligeuka mlangoni akasema, “Usikate tamaa. Nimempigia simu baba yako mdogo, namba yake ndiyo iliyo kwenye kumbukumbu. Muungwana sana yule bwana. Anasema karatasi ya matanga ni kazi ndogo, wazee wapo, kilichobaki ni sahihi ya mama. Nikamwambia ahakikishe inanifikia kabla ya wiki kuisha.”

Basi ndiyo hiyo, Mama. Baba mdogo Yoeli yuko njiani kuja kwako kama hajafika. Atakuja amechangamka. Pengine atakuja na sukari. Atakuambia mtoto anaomba, mtoto analia, mtoto atakosa chuo kwa ukaidi wa mama yake. Atakuambia ni mimi niliyeiomba karatasi hiyo. Si mimi. Yote mengine atakayosema kuhusu chuo ni kweli, isipokuwa hilo.

Sitaki kukudanganya kwamba sikitaki chuo. Nakitaka mno. Leo mchana nilikaa kwenye ngazi za jikoni nikapiga hesabu ya mambo yote mawili kama mtu anayepima unga. Ukisaini, mimi nakwenda Tanga, na wewe na Danieli na Bibi mnabaki mkiomba ruhusa kwa baba mdogo hata ya kuchuma mchicha mferejini. Na baba akitokea siku moja, atakuta amekwisha kuliliwa, ubani umekwisha kufukizwa, na shamba lina mwenyewe. Usiposaini, mimi namaliza kidato cha nne narudi nyumbani. Nilipima nikapima tena, na kila nilipofika upande wangu nikaona aibu kwamba nauonea huruma.

Usisaini. Nimeliandika neno hilo mwenyewe na sijalazimishwa na mtu.

Usinione kama nimekwisha. Kabla ya chakula cha jioni Mwalimu Baraka alinifuata, akasimama na sweta zake mbili, akasema, “Foibe, pale asubuhi nilipaswa kusema neno.” Nikamwambia, “Ndiyo, Mwalimu.” Sikumwambia haina shida, kwa sababu ina shida. Akanipa ufunguo wa chumba cha kompyuta, niwe naingia Jumamosi baada ya kufua, nijifunze ninachotaka. Nitaingia. Wale walioiandika ile maktaba sijui majina yao wala nchi zao, na wao hawanijui. Waliitoa bure kwa yeyote atakayeihitaji, na siku nilipoichukua haikuniuliza baba yangu yuko wapi. Nafikiri kama ipo moja ya namna hiyo, zipo nyingine. Kuna siku na mimi nitaandika kitu cha kuwasaidia watu nisiowajua.

Nuru ananichungulia kutoka juu, anauliza kama nimemtaja. Nimemwambia ndiyo. Anasema nikuambie shikamoo, na kwamba akifika chuoni atakuwa ananitumia kila anachofundishwa. Sikumjibu vizuri. Nitamwomba radhi kesho. Yeye hakutunga lile swali, na baba yake amekufa kweli.

Nisalimie Bibi, mshikie miguu kwa niaba yangu. Nisalimie Danieli, mwambie asipojua jedwali la nane nikirudi tutakuwa maadui. Msalimie mjomba fundi baiskeli na mke wake aliyejifungua. Mtoto wamempa jina gani? Msalimie mchungaji, mwambie kwaya ya huku haiimbi kama yetu. Baba mdogo Yoeli naye ni mkubwa wangu, siwezi kuacha kumwamkia. Mpe shikamoo yangu, kisha umrudishie kalamu yake.

Barua hii nampa Mama Anjela, ambaye amelala hapa mjini kwa ajili ya gulio. Atateremka kesho jioni akimaliza kununua viazi na plamu. Madamu alipiga simu leo asubuhi. Sijui ni nani kati yao atakayefika mlangoni kwako kwanza.

Majina ya mwisho yatasomwa paredi ya Jumatatu. Nitasimama na wenzangu nimechomekea shati vizuri. Jina langu lisiposomwa, nitajua barua imekuwahi, nami nitaendelea kumngoja baba pamoja na wewe. Likisomwa, nitapiga hatua moja mbele kama wanavyofanya, watanipigia makofi, na nitajua kwamba baba amekufa.

Mwanao akupendaye,
Foibe